Muuza Nyama, Mhunzi na Seremala

Agosti 1862, mji wa Victoria, kwenye kisiwa cha Vancouver, wakati huo koloni la Kiingereza huko pwani ya Pasifiki ya Kanada ya leo, ulipata baraza lake la kwanza. Wakazi walimtaja Thomas Harris awe meya na hakutokea wa kushindana naye. Harris alikuwa muuza nyama. Alizaliwa Uingereza, akapitia California kama walivyopitia maelfu wakati wa dhahabu, kisha akafungua bucha Victoria wakati mji wenyewe ulikuwa bado ngome ya kampuni ya biashara ya Hudson's Bay na nyumba chache zilizoizunguka. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mpenda mbio za farasi, na kila aliyekula nyama pale mjini alimfahamu.

Katika uchaguzi uleule, mfanyabiashara mmoja Mweusi aliomba kiti cha udiwani akashindwa kwa kura nne. Jina lake Mifflin Wistar Gibbs, mzaliwa wa Philadelphia, seremala kwa kujifunza. Alirudi tena kwa wapiga kura mwaka 1866, safari hii akashinda, akawa diwani wa kata ya James Bay. Miaka miwili baadaye kiti cha meya kilikwenda kwa James Trimble, mhunzi na mtengenezaji wa magari ya farasi kutoka Ireland, ambaye naye alikuwa amepitia San Francisco.

Muuza nyama, mhunzi na seremala. Wote watatu ni wageni, wote wamefuata njia moja, wote wameacha kazi ya mikono na kuwa watu wa mali, na wote wameingia kwenye uongozi wa mji mmoja mdogo ndani ya miaka sita. Wawili wakawa mameya. Ninawaweka pamoja kwa makusudi. Hadithi ya mhamiaji aliyeanza na patasi au kisu akaishia na joho la meya tunaisikia mara nyingi, na karibu kila mara inasimuliwa ya mtu mmoja peke yake. Ukimsimulia mtu peke yake, mafanikio yake yataelezwa kwa tabia zake tu: aliamka mapema, hakunywa pombe, aliweka akiba. Ukiwaweka watatu kando kwa kando unaanza kuona kile ambacho tabia haiwezi kukieleza. Unaona nani alifunguliwa mlango, nani alibisha hodi, na nani alitolewa nje kabla ya wengine kuingia.

Gibbs ndiye mwenye mengi ya kutufundisha, kwa hiyo nitakaa naye zaidi.

Alizaliwa mwaka 1823. Baba yake, mhubiri wa Kimethodisti, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane hivi, na familia ikabaki mikononi mwa mama mgonjwa. Kijana akawekwa kuwa mwanagenzi wa fundi seremala Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa na sasa anachukua kandarasi za majengo Philadelphia. Huko alijifunza kupima, kukata na kuunga, na pia akajifunza kuzungumza mbele ya watu, maana Weusi huru wa mji ule walikuwa na vyama vya kusoma na vya kupinga utumwa. Mwaka 1849 alisafiri na Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, katika ziara ya mihadhara. Mwaka uliofuata akapanda meli kwenda California.

San Francisco ya mwaka 1850 ilikuwa ikijengwa usiku na mchana. Ilikuwa ikiungua kila mara na kujengwa upya. Kama kuna mahali ambapo seremala hakupaswa kukosa kazi, ni pale. Gibbs alipata kazi kwa mkandarasi aliyemlipa pungufu kidogo ya wenzake, na aliifanya vizuri. Hata hivyo maseremala Wazungu walimwambia mkandarasi kwamba akibaki yule Mweusi, wao wanaweka zana chini. Mkandarasi alikuwa na jengo la kumaliza. Gibbs akaondoka. Alijaribu kwingine, yakawa yaleyale.

Mambo ya namna hii yanapita haraka katika wasifu wa watu wakubwa, kana kwamba ni kikwazo kimoja kabla ya ushindi. Mimi naona hapa ndipo maisha yake yalipokatwa na kupewa sura mpya. Gibbs hakuacha useremala kwa sababu aliota biashara. Aliacha kwa sababu ufundi wake, ambao ulikuwa mtaji wake wote, ulikataliwa na mafundi wenzake. Hakukataliwa na tajiri mwenye jengo wala na serikali ya mji. Watu wenye misumeno kama yake ndio waliomkataa. Tunapomsifu mhamiaji kwa kuwa “mjasiriamali,” tuulize kwanza kama kulikuwa na ajira aliyoistahili na akanyimwa. Kinyozi, dereva wa teksi, mwenye kibanda cha chakula katika mji wa ugenini: mara nyingi yule ni mwalimu au fundi umeme ambaye cheti chake hakikutambuliwa.

Gibbs akaanza kupiga viatu rangi nje ya hoteli. Akaweka akiba. Kisha akaungana na mwenzake katika duka la nguo, na baadaye na Peter Lester, mtengenezaji viatu kutoka Philadelphia, wakafungua duka la buti na viatu vilivyoagizwa kutoka mashariki ya Marekani na hata Ulaya. Biashara ilikwenda vizuri sana. Hapo ndipo alipoligusa jambo la pili ambalo fedha peke yake haikuweza kulitatua.

Sheria ya California ya mwaka 1850 ilikataza mtu Mweusi au Mhindi Mwekundu kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu katika kesi za jinai, na mwaka uliofuata katazo kama hilo likaingia kwenye kesi za madai. Fikiria maana yake kwa mwenye duka. Mteja anachukua mali hakulipi, na huwezi kumshitaki kwa neno lako mwenyewe. Siku moja Wazungu wawili waliingia dukani kwao wakazua ugomvi kuhusu jozi ya viatu na kumpiga Lester kwa fimbo, Gibbs akiwa amesimama palepale. Kama angeinua mkono angeweza kupigwa risasi, na mahakamani ushahidi wa wote wawili usingekuwa na thamani. Wakaondoka wale watu, na habari ikaishia hapo.

Gibbs na wenzake hawakukaa kimya. Mwaka 1851 walitia saini tamko la kupinga kunyimwa haki zao na kulichapisha gazetini. Mwaka 1855 wakaitisha mkutano wa Weusi wa jimbo zima, wakaanzisha gazeti lao, wakakusanya saini za kudai haki ya ushahidi. Mwaka 1857 yeye na Lester walikataa kulipa kodi ya kichwa, wakisema hawawezi kutozwa na serikali isiyowaruhusu kupiga kura. Msomaji wa Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa kodi ya kichwa ni nini. Babu zetu waliilipa kwa serikali ambayo nayo haikuwauliza lolote. Watoza kodi wakachukua viatu dukani na kuvipeleka mnadani. Wanunuzi waliokuwepo hawakutaja bei. Mali ikarudishwa dukani, na kodi haikudaiwa tena.

Ulikuwa ushindi mzuri, lakini katazo la ushahidi lilibaki hadi 1863. Na mwaka uleule wa 1857, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, iliamua kwamba mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Mwaka 1858 wabunge wa California wakaanza kujadili muswada wa kuzuia Weusi zaidi kuingia jimboni. Jamii ikakutana kanisani kutafuta pa kwenda. Gavana wa kisiwa cha Vancouver, James Douglas, ambaye mama yake alikuwa mwanamke mwenye asili ya Afrika, aliwapa tumaini: njooni, nunueni ardhi, mtalindwa na sheria kama wengine. Aprili 1858 meli Commodore ikawachukua wajumbe wao pamoja na wachimba dhahabu. Gibbs alifuata mwezi Juni, na hakufika mikono mitupu. Alibeba unga, nyama ya nguruwe, mablanketi, majembe na sululu, kwa kuwa alijua mchimba dhahabu anahitaji kula na kuchimba kabla hajaona dhahabu yenyewe.

Aliviuza mara moja. Akanunua kiwanja chenye nyumba kwa dola 3,000, akitanguliza dola 100 tu, akapangisha sehemu ya nyumba hiyo na kodi ya wapangaji ikamsaidia kumaliza deni. Duka la Lester na Gibbs likawa miongoni mwa maduka ya kwanza mjini yaliyosimama nje ya mkono wa Hudson's Bay, kampuni iliyokuwa imezoea kuuza peke yake. Ukiuliza alipataje mali, jibu ni kwamba alifika mapema mahali ambapo bei zilikuwa bado zinapanda, akiwa na mtaji kutoka San Francisco. Harris alifanya vivyo hivyo kwa nyama, na Trimble kwa chuma na magurudumu. Mji mpya hauna koo kongwe zilizokwishagawana kila kitu, na hilo ndilo lililowafaa wote watatu.

Tofauti ilianza kwenye sanduku la kura.

Harris na Trimble walizaliwa raia wa himaya ya Uingereza. Walipofika Victoria hawakuvuka mpaka wowote kisheria, walikuwa tu wamehama kutoka pembe moja ya himaya kwenda nyingine kwa kuzungukia California. Gibbs alikuwa mtu asiye na nchi. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imemkana kwa hukumu ya mahakama yake ya juu kabisa. Na hapa kilitokea kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sheria wa kwetu akijue. Katika uchaguzi wa mwaka 1860, George Hunter Cary, mwanasheria mkuu wa koloni na mgombea, aliwaambia Weusi wa Victoria hivi: kama Mahakama Kuu ya Marekani imesema ninyi si raia wake, basi hamna utii mwingine wa kuuvua, na mnaweza kuapa utii kwa malkia sasa hivi na kupiga kura. Hukumu iliyotungwa ili kuwashusha ikawa ngazi yao. Wakaapa, wakapiga kura karibu wote upande mmoja, na Cary na mwenzake Selim Franklin wakapita. Aliyeshindwa, Amor De Cosmos, mwenye gazeti na baadaye waziri mkuu wa jimbo, alikasirika na kudai kura zile si halali.

Gibbs mwenyewe akawa raia wa Kiingereza rasmi mwaka 1861. Miaka mitatu baada ya kufika. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo, nitairudia.

Uraia haukumaliza chuki. Mwaka huohuo wa 1861 Gibbs alikwenda kwenye onyesho la kuchangia hospitali pamoja na mke wake Maria, aliyekuwa mjamzito, na rafiki zao. Walikaa kwenye viti vya daraja la juu walivyovilipia, wakamwagiwa unga. Kikosi cha zimamoto kilikataa vijana Weusi wa kujitolea, nao wakaunda kikosi chao cha bunduki, wakanunua sare, wakafanya mazoezi. Mwaka 1864 gavana mpya alipopokelewa, kikosi hicho kiliambiwa kisijiunge na maandamano. Douglas, yuleyule aliyewaalika, alipoagwa kwa karamu mwaka huo, Weusi hawakuuziwa tiketi. Huu ndio mji ambao miaka miwili baadaye ulimpa Gibbs udiwani na kumkabidhi uenyekiti wa kamati ya fedha ya baraza. Watu walewale ambao wasingekaa naye mezani walimwamini na hesabu zao. Nadhani hili halishangazi sana ukiyajua maisha ya wageni wanaofanikiwa: uwezo wako unakubaliwa miaka mingi kabla utu wako haujakubaliwa, na wengine hufa wakiwa bado katikati ya hayo mawili.

Kwa nini hakuwa meya? Simtetei kwa kudai kwamba aliporwa. Harris aliingia bila kupingwa kwa kuwa mji ulimwona ni wa kwao tangu siku aliyofungua bucha. Lumley Franklin, aliyemfuata, alikuwa Myahudi kutoka Liverpool, na kuchaguliwa kwake kunaonyesha kwamba Victoria ilikuwa na moyo mpana kuliko miji mingi ya zama zile. Gibbs alikuwa akipanda: diwani, mwenyekiti wa kamati, na mwaka 1868 mjumbe wa kisiwa cha Salt Spring katika mkutano wa mji wa Yale uliodai koloni lijiunge na Kanada. Kisha yeye mwenyewe akaondoka. Biashara ya mji ilikuwa imedorora baada ya dhahabu kupungua, Maria alikuwa amekwisharudi Marekani na watoto, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimevunja utumwa huko. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1868 yakawapa uraia watu ambao hukumu ya Dred Scott iliwanyima, na ya mwaka 1870 yakawapa wanaume wao kura. Nchi iliyomkana ilikuwa ikimwita arudi.

Kabla hajaondoka alichukua kandarasi moja ya mwisho, ya kujenga reli ya kubebea makaa ya mawe kutoka mgodini hadi ufukweni katika visiwa vilivyoitwa Queen Charlotte. Seremala alirudi kwenye ujenzi, sasa kama msimamizi. Visiwa vile leo vinaitwa Haida Gwaii, kwa jina la wenyewe, Wahaida. Na hapa lazima nisimame, maana wasifu mwingi wa waanzilishi wa Victoria unapita pembeni.

Machi 1862 meli kutoka San Francisco ilileta ndui Victoria. Wenyeji wa makabila ya kaskazini, wakiwemo Wahaida, walikuwa wamepiga kambi pembezoni mwa mji kwa ajili ya biashara na vibarua. Badala ya kuwatenga na kuwahudumia, watawala waliwafukuza. Kambi zikachomwa, mitumbwi ikasindikizwa kaskazini ikiwa na wagonjwa ndani. Ndui ikaenea kijiji kwa kijiji pwani nzima. Walikufa maelfu kwa maelfu, na vijiji vya Wahaida vikabaki mahame. Miezi michache tu baadaye, katika mji huohuo, umma ulimchagua muuza nyama kuwa meya wake wa kwanza. Ardhi ambayo bucha, karakana na duka la viatu vilisimama juu yake ilikuwa ya Walekwungen, wenyeji wa eneo hilo. Reli ya makaa ilijengwa kwenye nchi ambayo wenyewe walikuwa wamezikana kwa wingi miaka saba tu nyuma. Sisemi kwamba Gibbs, Harris au Trimble walileta ndui. Ninasema kwamba wahamiaji watatu hawa walipanda katika mji ambao ulikuwa ukiwashusha wenye nchi, na kwamba nafasi walizozikalia zilipatikana kwa sehemu kutokana na hilo.

Trimble anakamilisha picha kwa namna inayoniuma. British Columbia, koloni ambalo Victoria ilikuwa ndani yake, ilipoingia Kanada mwaka 1871 na kupata bunge lake la jimbo, mhunzi yule wa Ireland alichaguliwa kuwa Spika, akakaa kwenye kiti hicho hadi 1878. Mhamiaji, fundi, mtu wa kawaida: hadithi nzuri kabisa. Lakini bunge lile aliloliongoza ndilo lililopitisha sheria ya kuwanyima kura Wachina na wenyeji wa nchi. Wachina walikuwa wamefika Victoria mwaka uleule wa 1858, kutoka San Francisco ileile, wakafungua maduka, wakalipa kodi. Wangeweza kuwa na Trimble wao. Haki ya kupiga kura haikuwarudia hadi baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa wenyeji vilevile. Mhamiaji akishapita mlangoni si lazima auache wazi. Tusimpambe mhamiaji kwa sababu tu ni mhamiaji.

Maisha ya Gibbs yaliyofuata ni marefu, nitayapitia upesi. Alisomea sheria, akahamia Little Rock, Arkansas, na mwaka 1873 akachaguliwa hakimu wa mji, Mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwenye nafasi hiyo. Mtu ambaye California ilimkataza hata kutoa ushahidi sasa alikuwa akiusikiliza. Alishika nyadhifa za ardhi za serikali kuu, na mwaka 1897 akateuliwa konsuli wa Marekani mjini Tamatave, Madagaska, bandari ambayo leo inaitwa Toamasina. Alifika kwenye bahari yetu akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, kisiwa kikiwa kimetekwa na Wafaransa siku si nyingi, akakaa hadi 1901. Binti yake Ida aliolewa na konsuli aliyemfuata, na baadaye akawa mmoja wa wanawake walioandaa mikutano ya Umajumui wa Afrika pamoja na msomi Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois. Benki aliyoiongoza Gibbs uzeeni Little Rock ilifilisika mwaka 1908 na kumwachia kesi na aibu. Alifariki mwaka 1915.

Akiwa bado hai aliona Arkansas ikifunga tena milango aliyoiingia. Mwaka 1891 ikapitishwa sheria ya mabehewa tofauti kwa Weusi na Wazungu, pamoja na sheria mpya ya uchaguzi iliyowaweka pembeni wasiojua kusoma. Mwaka 1892 ikaja kodi ya kichwa kama sharti la kupiga kura. Hapa kuna jambo ambalo wanaohubiri juhudi binafsi hawaligusi. Bidii ya Gibbs haikupungua kati ya 1873 na 1892. Akili yake haikupungua. Kilichobadilika ni sheria, na vijana Weusi wa Little Rock waliokuwa na bidii ileile hawakuweza tena kuchaguliwa mahakimu.

Sasa nirudi kwenye ile miaka mitatu.

Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakafyeka misitu, wakalima, wakazaa watoto na wajukuu, wakalipa ushuru wa mazao. Zaidi ya 160,000 kati yao na vizazi vyao walipewa uraia mwaka 2014. Ni jambo kubwa ambalo Tanzania inastahili sifa, nchi chache duniani zimewahi kufanya kitu cha ukubwa huo. Lakini ni miaka 42. Kwa Kenya, Wamakonde walifika pwani ya kusini kutoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930, wakafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na wengine wakachonga vinyago ambavyo watalii wamevibeba dunia nzima. Waliishi bila vitambulisho hadi mwaka 2016, walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, huandikishi biashara, humiliki shamba kwa jina lako. Mchongaji wa Kwale alikuwa na mikono yenye thamani kuliko ya Harris. Kwa miaka themanini hakuweza kuwa Harris hata angelala macho wazi.

Mwaka 1861 himaya ya Kiingereza, himaya ya kikoloni yenye dhuluma zake zote, ilimfanya seremala Mweusi kuwa raia ndani ya miaka mitatu. Sisi tunaosema udugu wa Afrika kwenye kila hotuba tumewasubirisha ndugu zetu karibu nusu karne, na wengine zaidi. Sioni namna ya kulisema hili kwa upole.

Watu wetu walioko nje wanalijua vizuri kuliko sisi tuliobaki. Wakongo wanaosema Kiswahili waliopelekwa kama wakimbizi katika miji midogo ya Marekani na Kanada wanaanza kugombea nafasi za shule na mabaraza. Ireland wamekwenda mbali zaidi: mkazi yeyote, hata asiye raia, anaweza kupiga kura na kugombea katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Ndiyo maana Rotimi Adebari, Mnigeria aliyeingia mwaka 2000 akiomba hifadhi, alichaguliwa kwenye baraza la mji wa Portlaoise mwaka 2004 na kuwa meya wake mwaka 2007. Muda kati ya kuomba hifadhi na kuvaa mkufu wa umeya ni miaka saba.

Protokali ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010. Inasema mfanyakazi wa nchi mwanachama yuko huru kwenda kufanya kazi nchi nyingine, ndani ya masharti ambayo nchi zilikubaliana. Kwa mujibu wake fundi bomba wa Kampala anaweza kuomba kufungua karakana Arusha, na fundi magari wa Bukavu kuwa na gereji Kigali, ingawa kila mmoja atakueleza foleni na ada za vibali alizopitia. Hakuna kati yao anayeweza kumchagua hata diwani wa kata anayepitisha bajeti ya mtaro ulio mbele ya gereji yake. Analipa leseni ya biashara, analipa ushuru wa taka, ameajiri vijana wa mtaa. Kwenye mkutano wa kata ni mgeni.

Pendekezo langu ni dogo na linawezekana. Kura ya urais na ya ubunge ibaki ya raia. Kura ya diwani ipewe mkazi yeyote wa nchi za Jumuiya aliyeishi kwenye kata miaka mitano mfululizo na ana stakabadhi za kodi za kuonyesha. Wako watakaosema wageni watapiga kura kwa kundi na kutuchagulia viongozi, na ndilo hasa alilolalamikia De Cosmos mwaka 1860. Waliompigia Cary kura kwa kundi walifanya hivyo kwa kuwa ndiye aliyekwenda kuzungumza nao kuhusu shida zao. De Cosmos alikuwa na gazeti lake mwenyewe, naye angeweza kwenda.